Mwiko wa Bi Shirini Uliobaki Ohio

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza. Swali lako nalijua. Tangu niliposhuka stesheni ya Kigoma, kila ninayekutana naye hapa mtaani kwetu Rusimbi ananitazama mikono kwanza, halafu ndipo ananitazama usoni. "Karibu tena, Mwalimu Zuhura. Mwiko uko wapi? Na mwenye mwiko je?" Nimejaribu kujibu kisimani, nikakatizwa. Nimejaribu kwenye foleni ya sukari dukani kwa ushirika, sukari ikaisha kabla hadithi yangu haijafika Tabora. Basi nimeona niandike. Wanakisomo wangu wa darasa la jioni, hasa nyinyi mlioanza na a-e-i-o-u mwaka juzi, hii ni yenu. Msiogope urefu wake. Anayesoma haraka amngoje mwenziwe, na anayekwama aruke neno, atalikuta tena mbele.

Kwa mgeni asiyemjua, Bi Shirini alikuwa Mhindi wetu wa duka la khanga pale Ujiji. Naye ni Mwislamu kama wengi wetu. Alizaliwa hapa hapa, akaolewa hapa, akafiwa na mumewe hapa. Watu walimjua kwa duka, lakini walimheshimu kwa sufuria. Hakuna arusi wala hitima ya mtaa wetu ambayo pilau yake haikupitia mkononi mwake. Mwiko wake ulichongwa kule Bangwe, ufukweni, na fundi wa makasia, ukisimamishwa unanifika begani, na kwa sababu fundi yule hakuwahi kuchonga kitu kingine maishani mwake, kila mtu anaudhani ni kasia.

Duka lilipofungwa, mwanawe wa pekee, Anwari, ambaye ni mhandisi huko Marekani, alimwita akae naye. Alikwenda. Baada ya miezi michache tukapata barua, nikaisoma mbele ya darasa zima: "Mwanangu ni mwema, mkwe wangu ni mwema, nyumba ina joto. Lakini sina wa kumpikia. Nitafia kwenye kiti. Sanduku nimeshalifunga. Atakayepata njia aje anichukue."

Njia niliipata mimi. Nilichaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya walimu wa kisomo katika jimbo lile lile la Ohio. Mambo ya makaratasi nayaacha, makaratasi ni makaratasi kila mahali. Kinamama wa mtaa mkanipa kazi moja tu: nirudi na Bi Shirini.

Kutoka Ujiji hadi stesheni

Mnakumbuka ugomvi wa siku ile. Nusu yenu mlisema mwiko ubaki, ili aufuate. Bi Mwamini, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kinamama, akasema uende. "Mwiko usio na mwenyewe unaliwa na mchwa," alisema. "Mpeni. Akiushika atajua mwenyewe apikie wapi." Nikamwuliza, "Na akiamua kupikia huko huko?" Akanijibu, "Apikie nani? Si amesema hana wa kumpikia?" Hapo akatushinda sote.

Basi nikaondoka na kikapu cha samaki wa ziwani kwetu, migebuka mikavu, galoni la mawese, begi langu, na mwiko begani kama askari aliyepewa bunduki isiyo yake. Mliniaga vizuri sana. Wali mlipika, vigelegele mlipiga. Kuhusu ile karamu ya kuniaga nina neno, lakini nitalisema mwishoni, maana linaniuma.

Ndani ya treni

Treni ilitoka kwa wakati, jambo lililotutia wasiwasi sote. Ilipofika Uvinza ikapumzika. Tuliambiwa tunangoja injini kutoka Tabora. Tukangoja mchana kutwa, tukala mihogo ya kuchoma na chumvi ya pale pale.

Mbele yangu alikaa mvuvi mmoja wa Kagunga aliyekuwa akienda kumwona nduguye Dodoma. Alikuwa na Kiha kingi na Kiswahili cha kutosha kunisumbua.

"Mwakeye, mama," alinisalimu, akautazama mwiko. "Ziwa tumeliacha nyuma. Huko uendako unakwenda kupiga kasia kwenye mchanga?"

"Si kasia, kaka. Ni mwiko."

"Mwiko! Wa kusongea ugali wa nani, wa jeshi?"

"Wa pilau. Naupeleka Marekani."

"Kumbe hata huko wana njaa," akasema.

Lakini alikuwa mtu wa msaada. Dirisha letu lilikuwa na tabia ya kuanguka kila treni ilipotikisika, naye akalikazia kwa mwiko, likakaa imara mpaka Dodoma. Aliposhuka aliuchomoa kwa heshima, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mwambie mwenyewe," alisema, "umeshafanya kazi ya serikali."

Angani, na mezani kwa forodha

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mwiko haukuruhusiwa kukaa nami. Ulifungwa kikaratasi chenye jina langu shingoni, kama mtoto wa shule siku ya kwanza, ukapelekwa tumboni mwa ndege. Niliuonea huruma, lakini nilipoona chakula cha humo ndani nikaona afadhali yeye aliyelala.

New York, mtu wa forodha alifungua galoni la mawese, akanusa. Akaniuliza kama ni rangi ya kupaka nyumba.

"Ni mafuta ya kupikia," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha middle school. "Tunapikia maharage."

Akafungua kikapu. Akamshika mgebuka mmoja kwa ncha za vidole viwili, akawaita wenzake watatu waje kumwona. "Huyu samaki alikufa lini?" akauliza.

"Kitambo kidogo," nikasema.

Migebuka ikabaki hapo. Bi Mwamini, nisamehe, najua uliikausha mwenyewe juu ya bati. Mwiko ulipofika mezani nilishachoka. Yule bwana akauinua, akaupima kwa macho, akaniuliza mashua iko wapi. Nikamwambia inakuja nyuma. Akacheka, akanipitisha.

Basi la kwenda Ohio

Kutoka pale nilipanda basi la mwendo wa mchana mzima na zaidi. Nilipoingia nilifanya kama tunavyofanya sisi: nikasalimu kiti kwa kiti, kutoka mlangoni hadi nyuma. Watu wakavuta mikoba yao karibu. Dereva akaniuliza kwa upole kama kuna mtu ninayemtafuta.

Katikati ya safari basi likaharibika. Mnajua basi likiharibika kwetu inakuwaje: kabla dereva hajashuka, mmoja ameshawasha moto, mwingine anauza karanga, na wawili wamegundua kwamba ni ndugu. Kule walikaa kimya kwa muda mrefu, kila mmoja na gazeti lake, kama watu waliofiwa wasiotaka kusema nani kafa. Nikatoa karanga zangu nikampa bibi mzungu wa pembeni yangu. Alizitazama. Akatazama nyuma, pengine kuona kama kuna shahidi. Mwisho akala moja, kisha akatoa biskuti mkobani. Basi lilipopona mazungumzo yetu yalishafika kwa wajukuu.

"Nimepanda basi hili miaka mingi," aliniambia akishuka, "wewe ni wa kwanza kuniambia jina lako."

Mafunzo yenyewe nimeyaandikia ripoti, mtaisikia mpaka mchoke. Kwa miezi miwili mwiko ulikaa chini ya kitanda changu chuoni. Yalipokwisha nilikuwa na wiki mbili mkononi, na mji wa Anwari ulikuwa mwendo wa saa mbili tu kwa basi.

Kiti cha dirishani

Mji wenyewe ni wa kadiri, si mkubwa wa kupotea wala mdogo wa kujuana. Una kiwanda cha vioo, hospitali kubwa, na miti ambayo majani yake yalikuwa yamegeuka mekundu kama yameunguzwa, kumbe ni baridi tu inayokuja.

Bi Shirini nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, shali mabegani, sanduku lake la bati limefungwa kamba pembeni ya miguu. Alikuwa amepungua mwili. Aliponiona hakusimama, akanyoosha mikono.

"Shikamoo, Bi Shirini."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Twende lini?"

"Tiketi yangu ni ya wiki mbili zijazo. Na hapa nimekuletea kitu."

Nikamwekea mwiko mapajani. Akaupapasa mpaka kwenye ufa ulioupata siku ya arusi ya Bi Mwamini. Halafu akauegemeza ukutani. "Hapa hauna kazi," akasema. "Njoo uone jiko lao."

Jiko lilikuwa la umeme, macho manne, kila jicho kubwa kama sahani ya kikombe. Nilielewa. Kumpa Bi Shirini jiko lile ni kama kumpa mvuvi wa Kagunga beseni la kuogea avulie humo.

Mkwewe, Nasrini, ni binti wa Lahore, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia, na wakati ule alikuwa na siku chache tu tangu ajifungue mtoto wa kiume. Hana Kiswahili, tuliongea Kiingereza. Aliniambia jikoni, mlango ukiwa umefungwa, "Nimempa chumba chenye jua. Nimempikia kila kitu. Anasema ahsante, halafu anatazama sanduku. Ukimchukua, Anwari atavunjika. Na mwanangu hatakuwa na bibi." Nikawa na pande mbili za kuumia: kwenu niliahidi kumleta, na huku namwona mjukuu wake kwenye kitambaa cheupe.

Hapa nieleze kidogo, maana wengi wenu mnadhani Marekani ni wazungu na weusi tu. Mtaa ule ulikuwa na Haji Saidi, mwenye mkahawa, ambaye baba yake alitoka Shamu, yaani Siria, zamani kuja kufanya kazi kiwandani. Kulikuwa na wahandisi wa Kihindi na wa Kipakistani, vijana, waliokuja na shahada zao miaka ya karibuni. Kulikuwa na wauguzi wa Kifilipino watatu waliopanga nyumba moja, na mume na mke wa Kikorea wenye duka la mboga. Na kulikuwa na Waislamu weusi, wenyeji wa pale pale. Anwari anasema kila mwaka wanaongezeka. Ijumaa Waislamu wote wanaswali kwenye chumba kilichokuwa cha kinyozi. Mwanzoni vioo vya kinyozi vilikuwa bado ukutani, mtu akisimama kuswali anajiona mwenyewe, mpaka wakavifunika kwa mashuka. Lakini wakitoka pale, kila mmoja anarudi nyuma ya mlango wake. Watu wa mlango wa tatu hawakujua Nasrini amejifungua.

Nyumba kwa nyumba

Jumamosi ilikuwa akika ya mtoto, karamu ya kumnyoa nywele na kumpa jina. Nasrini alipanga wageni kumi na wanane, sahani kumi na nane, vijiko kumi na vinane. Mbuzi wawili Haji Saidi alishawaagiza. Jumatatu nikamwambia, "Nami nipe kazi. Siwezi kukaa kama mgeni." Alikuwa anambadilisha mtoto nguo. Akasema bila kugeuka, "Basi waambie majirani ni Jumamosi, saa saba mchana."

Yeye alikuwa na maana ya nyumba mbili, za rafiki zake. Sikujua. Nyinyi mnanijua: mimi ndiye mwalikaji wa mtaa wetu tangu mama yangu aliposhindwa kutembea. Mwalikaji wa Ujiji haulizi ni majirani gani. Anaanza mwisho wa mtaa, anarudi nyumba kwa nyumba, na haruki mlango, maana mlango uliorukwa leo ndio utakaokununia miaka kumi. Nikamwuliza Nasrini kitu kimoja tu, "Balozi wa nyumba kumi ni nani, nianze kwake?"

"Hatuna."

"Sasa mtu akifa nani anapita kutangaza?"

"Gazeti," akasema.

Nikajifunga khanga juu ya koti, nikatembea mpaka pale mtaa unapokatwa na reli, nikaanza.

Nyumba ya kwanza alitoka mzee mzungu, Bwana Walter, na mbwa mwenye sura kama yake. "Hatununui," akasema.

"Siuzi, mzee."

"Nina kanisa langu."

"Ubarikiwe nalo. Nakualika kula. Kuna mtoto amezaliwa nyumba yenye mlango wa kijani."

Akakunja uso. "Simjui huyo mtoto."

"Ndiyo kwanza amezaliwa, hajuani na mtu."

"Ni pesa ngapi kuingia?"

"Hapana pesa."

"Nije na nini, basi?"

"Njoo na njaa."

Akafunga mlango. Nilidhani nimemkosa, kumbe, kama mtakavyoona, alikuwa anafikiri.

Nikaenda hivyo siku ile na kesho yake. Wafilipino walinikaribisha ndani, nikala tambi. Mkorea alinipa kabichi yenye pilipili iliyonitoa machozi, mkewe akanipa leso, sote tukacheka bila kuelewana. Mama mmoja mweusi, Dada Halima, alinishika mikono aliposikia natoka Tanzania, akataka nimfundishe kusema shikamoo, na tangu hapo akawa ananiamkia mimi, ingawa amenizidi umri. Nilikataa, hakusikia. Nyumba arobaini na moja. Nilirudi miguu inauma, nimeridhika kama mtu aliyemaliza hesabu ya darasa la saba.

Alhamisi simu ikaanza kulia. Watu walimwuliza Nasrini walete nini, na kama mbwa anaruhusiwa. Baada ya simu ya nne akakaa chini sakafuni.

"Mwalimu," akaniambia, "uliwaambia nani?"

"Majirani."

"Majirani gani?"

"Wote."

Kwanza akalia. Halafu akaanza kuhesabu vijiko, akalia tena. Anwari aliporudi kazini akaelezwa, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, hawa ni watu mia na zaidi. Umeniletea Ujiji mlangoni." Niliona haya mpaka nikatamani treni ya Uvinza inichukue.

Kutoka kwenye kiti cha dirishani ikatoka sauti. "Zuhura. Ulialika nyumba ngapi?"

"Zote, Bi Shirini."

"Zote zote?"

"Mpaka relini."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko lile lile la jikoni kwa Bi Mwamini, mpaka shali ikaanguka. "Ona sura zenu!" akasema. "Mmeingiliwa na nyoka? Watu mia! Hitima ya marehemu mume wangu walikuja mia tatu, na kuku walibaki." Akashika mikono ya kiti, akasimama. "Anwari, nyumba hii ina mchele kiasi gani? Mwambie mkeo aache kuhesabu vijiko, watu wana mikono. Zuhura, lete mwiko."

Jumamosi

Kwanza tulikosa sufuria. Haji Saidi akaleta mbili za mkahawani kwake. Ya tatu, kubwa kuliko zote, ilitoka kwenye kanisa la Bwana Walter. Ndiyo, yeye mwenyewe aliileta, na mbwa, akasema huwa wanachemshia mahindi ya sikukuu. Mchele wetu haukutosha, Mkorea akaleta gunia. Bi Shirini akautafuna punje chache. "Huu unashikana kama ndugu waliorithi pamoja," akasema, akautengea sufuria yake peke yake.

Mafiga tulitengeneza kwa matofali uani. Bi Shirini, koti la Anwari juu ya gauni, kilemba kichwani, alisimama na mwiko katikati ya moshi, anaamuru kwa Kiswahili, nami nageuza kwa Kiingereza, Nasrini anageuza kwa Kiurdu. Kinamama wa mtaa walikuja na visahani vyao vimefunikwa, wakitegemea kukaa. Bi Shirini alimkabidhi kila mmoja kisu na vitunguu. Hakuwauliza majina. Baada ya vitunguu walishaambiana wenyewe.

Kwa vijana wa Kihindi wasiokula nyama alikumbuka, kama alivyokuwa akikumbuka Ujiji. Akachukua mawese yangu, akapika maharage mekundu. Nasrini akaonja, akaniuliza kwa nini sikuyaleta siku ya kwanza. Niliyaleta, nikamwambia, mkayaweka gereji karibu na rangi.

Pilau ilikuwa inakaribia kuiva tukasikia king'ora. Mtu wa mtaa wa pili aliona moshi, akaita zimamoto. Wakaingia uani wanne na kofia zao, wanavuta bomba. Mkubwa wao akasema moto uzimwe mara moja.

Bi Shirini hakugeuka. "Mwambie moto nitauzima mwenyewe, wali ukiiva."

Nikageuza.

"Mwulize ni baada ya dakika ngapi," akasema yule bwana.

"Mwambie pilau haina dakika, ina harufu. Asimame hapo anuse. Akisikia iliki, ameruhusiwa kuzima."

Nikageuza na hilo. Bwana Walter, ambaye alikuwa na kitunguu mkononi na machozi usoni, akasema, "Fanyeni anavyosema. Hata mimi nimefanyishwa kazi." Wakasimama. Baadaye wakakaa. Mwisho walikula, na mawese yakawapaka midomo rangi ya gari lao.

Mtoto alinyolewa nywele, akaombewa dua, akapewa jina la babu yake, Karimu. Vyakula vya kila nyumba vilipangwa mezani: tambi, kabichi, na kitu chekundu cha Kimarekani kinachotetemeka ukikitazama. Cha Bi Shirini kilikwisha kwanza. Mwishoni Dada Halima akamwuliza, kupitia kwangu, "Bibi, Ijumaa zetu tunakula biskuti. Utatupikia?" Mke wa Mkorea akauliza jinsi ya kuwasha mafiga. Haji Saidi akasema zile sufuria mbili asimrudishie.

Bi Shirini aliendelea kuosha mwiko.

Kurudi

Siku zilizobaki sikuthubutu kuuliza. Nasrini naye hakuuliza, ila alikuwa akipita karibu na sanduku kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Asubuhi ya safari yangu, Bi Shirini alikuwa amevaa, sanduku lipo mlangoni, kamba mpya. Anwari alikuwa amegeukia ukutani. Nikasema moyoni: haya, nimetimiza ahadi ya Ujiji, mbona sifurahi?

Akaniita. "Shika upande huo." Nikashika. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyofikiri.

"Nguo zako ziko wapi?" nikauliza.

"Kabatini. Humu kuna khanga tu, doti za mwisho za dukani kwangu. Nilizifunga nije nazo kwenu. Sasa nenda nazo wewe."

Nasrini hakuelewa maneno, lakini aliona mwiko umetundikwa jikoni juu ya lile jiko la macho manne, kwa misumari miwili mipya. Akaketi sakafuni, pale pale pa siku ile ya simu, akalia vizuri.

"Bi Shirini, wenzako Ujiji nitawaambia nini?"

"Waambie nawapenda, na wao wana wapishi. Waambie hawa watu wanakaa mtaa mmoja miaka, hawajuani. Nani atawapikia?" Halafu akanitazama kwa jicho lile la dukani, la kupima kitambaa. "Niambie. Ulipoagwa, ulialika nyumba zote?"

"Zote, Bi Shirini."

"Zote zote? Mpaka kisimani?"

Wenzangu, hili ndilo neno nililoahidi. Pale nyuma ya kisima kuna Mama Nyabenda na watoto wake, waliohamia kutoka Kagunga mwaka jana. Ni watu wa kanisa, Kiswahili chao kidogo, tukasema hawatakuja. Mwalikaji wenu, niliyebisha milango arobaini na moja ya wasionijua, mlango ule niliupita. Nilimwambia kweli. Hakunigombeza. Alikaza kamba tu, akasema, "Nyinyi kikundini mko ishirini. Humu mna doti ishirini na moja."

Basi sanduku liko kwangu, halijafunguliwa. Tunalifungua Ijumaa baada ya swala, na Bi Mwamini atapika kwa mwiko wake mdogo, tumvumilie. Wewe unayesoma ukiwa wa kwanza kumaliza, usikae: nenda nyuma ya kisima, bisha hodi, ngoja ujibiwe, mwambie Mama Nyabenda siku na saa, kisha urudi nyumba kwa nyumba kuelekea kwako. Usiruke mlango.